Mtaa Usiokufa Mtu

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi seremala, na mwenyewe hakatai ukimuuliza, mradi umuulize mke wake akiwa mbali. Wapo wanaosema ujinga wake ulianza zamani, lakini hao ni majirani, na jirani hajawahi kukosa la kusema. Sisi tuichukue siku ile moja tu, siku ya wageni. Ilimtosha.

Asubuhi ilimkuta karakanani kwake, amekaa juu ya jeneza, anakunywa chai. Jeneza lile alilitengeneza mwaka uliopita kwa mbao nzuri, likakosa mwenyewe. Mengine mawili yalikuwa yamesimamishwa ukutani kama watu waliokatazwa kukaa. Moja lilikwishageuka kabati la patasi na misumari, na yote matatu vumbi la mbao lilikuwa limeyatanda kiasi kwamba ukichora kwa kidole mchoro unabaki.

"Usilifute vumbi hilo," sauti ikasema mlangoni. "Hiyo ndiyo hotuba yako."

Alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Alikuwa amevaa suti, kwa kuwa alasiri ile wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kuutazama mtaa. Wakiridhika, mtaa ungetangazwa kuwa mtaa wa amani, vijana wake wa ulinzi wangeongezewa muda, na shule ingepata madawati. Madawati, kama mjuavyo, hayaoti.

"Watakuuliza kitu kimoja," mwenyekiti akasema. "Tangu vijana wangu waanze kazi, umemtengenezea jeneza mtu yeyote aliyeuawa hapa mtaani?"

"Hata mmoja."

"Unaona? Mtu anaweza kudanganya, fundi. Jeneza lililokosa mwenyewe haliwezi."

Fundi akacheka kwa raha. Alilipenda jambo hili kwa sababu lilikuwa kweli. Kabla ya vijana wale, ambao kwa makoti yao marefu ya kijani kila mtu aliwaita Makoti, mtaa ulikuwa ukizika. Muuza gesi alichomwa kisu mbele ya duka lake, na fundi ndiye aliyemfanyia sanduku lake la mwisho, akilia huku akipiga randa, hata machozi yakaacha madoa kwenye mbao. Tangu Makoti waanze kuzunguka usiku, hakuna tena. Juu ya hayo alikuwa na redio yake. Kuna mtaalamu alimsikia akieleza kwamba ukiwahesabu wanaouawa leo ukawalinganisha na wa enzi za mababu, dunia hii ni tulivu kuliko zote zilizotangulia. Fundi aliyashika maneno yale kama mtoto anavyoshika pipi, akawa anampa kila mteja aonje.

Hata asubuhi ile hakumwacha mtu. Mwenyekiti alipoondoka, aliingia mama mmoja wa nyumba za nyuma kuulizia komeo la mlango.

"Mama, punguza wasiwasi," fundi akamwambia akipima ubao. "Dunia imetulia siku hizi. Wataalamu wamehesabu."

"Imetulia, baba," mama akasema. "Fanya komeo liwe nene."

*

Kitu pekee ambacho hakikutulia kilikuwa nyumba yake mwenyewe. Wiki nzima mke wake alikuwa mtu mwingine. Yeye ni mshonaji, na cherehani yake ilizoea kuunguruma sebuleni hadi jioni. Sasa ikifika mchana inanyamaza, na mwenyewe haonekani. Akiulizwa, anasema alikwenda kununua uzi. Uzi gani wa kununuliwa kila siku, na nguo hazitoki? Tena alikuwa akirudi na harufu ya dawa mwilini, ile kali ya kuchua misuli. Fundi aliivuta harufu ile, akaifikiria, na akili yake ikamtembeza moja kwa moja hadi duka la dawa la kona ya pili, ambalo mwenyewe ni kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

Angekuwa na shemeji yake angemshirikisha. Kaka wa mkewe alikuwa kinyozi, na kiti chake cha kunyolea kilikuwa mahali ambapo fundi alizoea kutua mizigo yake yote. Lakini kinyozi amesafiri, mkewe alisema, amekwenda kumtazama rafiki mgonjwa. Duka limefungwa.

Mchana ule fundi alirudi nyumbani ghafla kubadili shati la mkutano, akamkuta mkewe anafunga sufuria ndogo ya uji kwa kitambaa.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Kwa wifi."

"Dada yangu ameacha kupika?"

"Anaumwa kidogo."

"Anaumwa nini?"

"Umekuwa daktari, baba watoto? Wageni wako wanakungoja."

Akatoka. Fundi akabaki na shati mkononi, kifungo kimoja kimefungwa. Asubuhi tu alikuwa amemwona dada yake akigombana na muuza mkaa, kwa sauti ambayo mgonjwa hana. Tena kijiko kimoja kilikuwa kimetoweka kabatini siku kadhaa sasa, na uji ule ulikuwa mwepesi, uji wa kumlisha mtu taratibu. Mwanamume mzima anayelishwa kijiko. Fundi akaichukua nyundo yake mlangoni, akaichomeka kiunoni chini ya koti, akamfuata.

Alimfuata kama wanaume wasiozoea kufuata watu wanavyofuata, yaani mtaa mzima ulijua. Mtengeneza viatu alimsalimia kwa sauti, naye akaweka kidole midomoni. Njia nzima aliona madirisha yaliyopigiliwa mbao kwa ndani, mbao zake mwenyewe, na milango aliyoitambua kwa makomeo. Siku nyingine angejivunia. Siku ile alikuwa na la kwake. Alipopita duka la dawa akamwona yule kijana wa ndevu yupo, anamhudumia mteja, na badala ya kupoa akazidi kuchemka. Kumbe ni mwingine.

Mkewe aliingia kwa wifi yake kweli. Fundi akasukuma mlango nyuma yake kabla haujafungwa.

"Yuko wapi huyo mwanamume?"

Dada yake alikuwa anaosha vyombo. Hakusimama.

"Yuko chumbani," akasema. "Ingia umsalimie."

*

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi. Mbele yake, ameegemea ukuta na mdomo wazi kama kinda, alikuwa kinyozi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imelazwa juu ya mto, imefungwa vitambaa hadi viganja vimekuwa vinene kama mikate.

Fundi akasimama. Nyundo ikachagua wakati ule kuteleza kiunoni na kuanguka sakafuni.

"Hiyo umekuja kutengenezea nini?" mkewe akauliza.

"Shemeji," fundi akasema, "si ulisafiri?"

"Nimefika hapa," kinyozi akajibu.

Mkewe alimlisha kaka yake kijiko kingine, akamfuta kidevu. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Kinyozi, asiyeweza kujinyoa.

"Ni nani?" fundi akauliza.

"Makoti."

"Ulifanya nini?"

Mke wa fundi ndiye aliyejibu, bila kugeuza kichwa.

"Alitania. Alisema mwizi wa zamani alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka na haya kidogo anayo, hawa Makoti wanakuja kila usiku na asubuhi lazima uwaamkie."

Fundi aliujua mzaha ule. Aliucheka hadi kinyozi akamwambia atulie asije akakatwa sikio.

"Walinirudishia neno kwa neno," kinyozi akasema polepole. "Hawakuruka hata moja. Kila neno wakalivunjia kidole chake. Wananiuliza, ulisema hivi? Nikawaza, dukani siku ile nilikuwa na nani? Shemeji, kwenye kiti alikuwepo mtu mmoja tu."

Nje ya pazia dada wa fundi alikuwa bado akisuuza vyombo. Fundi akakumbuka karakana yake, chai yake, na mwenyekiti, wiki iliyopita, amekaa naye juu ya jeneza. Akakumbuka alivyoupamba ule mzaha, akaigiza hata sauti. Na mwenyekiti alivyocheka. Alicheka sana, akafuta macho kwa kitambaa, akauliza kwa upole, huyo shemeji yako huwa anafunga duka saa ngapi?

"Mimi nilikuwa natania," fundi akasema.

"Hata yeye alikuwa anatania."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wewe?" Mkewe sasa alimtazama. "Wewe mchana unawatengenezea watu makomeo, na mdomo wako hauna. Ungelala nalo usiku mmoja, asubuhi mwenyekiti angelinywa kwenye chai."

"Hospitali walisemaje?"

"Nimesema nimeanguka kwenye ngazi," kinyozi akasema. "Daktari akanitazama. Akasema wiki hii ni wa tatu kuanguka ngazi, na mtaa wenu wote ni nyumba za chini. Akanifunga. Vidole hivi vidogo anadhani vitarudi. Kuhusu gumba hasemi."

Fundi akatafuta neno la kumfariji mtu. Alikuwa nayo maneno, siku zote alikuwa nayo, na lililokuwa karibu na ulimi ndilo lililotoka.

"Hata hivyo tumshukuru Mungu. Hawakukuua."

Maji yakanyamaza nyuma ya pazia. Dada yake akaingia na mikono inayochuruzika.

"Rudia, ndugu yangu. Sikukusikia vizuri."

Fundi akainama akaokota nyundo, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyokuwepo.

"Nitawaambia wageni," akasema. "Leo hii. Nitasimama niwataje mmoja mmoja."

"Hapo sasa," kinyozi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Sikiliza, shemeji. Usinitaje. Waliniambia jina langu likisikika mahali popote, watarudi, na hawatakuja kwangu tu. Watakwenda na kwa dada. Kama una deni kwangu, nilipe hilo. Funga mdomo."

"Basi niseme nini?"

"Kaseme majeneza yako," mkewe akasema, na kuchota uji. "Si unayapenda?"

*

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Makoti walisimama kwenye milango yote miwili, mikono nyuma, wapole kama wahudumu wa harusi. Watu waliokuwa wakiingia waliwaamkia, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana, na fundi, aliyekuwa ameliona jambo hilo kila siku, siku ile akaliona. Naye zamu yake ilipofika akawaamkia.

Wageni walikuwa wawili: mzee mwenye tai aliyeitwa mheshimiwa na kila mtu, na mama mwenye miwani aliyekuwa na kompyuta mapajani. Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu. Kisha akamwita fundi mbele, akamtambulisha kama shahidi asiyeweza kununuliwa.

"Fundi, waambie. Tangu vijana hawa waanze, umeuza jeneza la mtu aliyeuawa mtaani kwetu?"

Njiani fundi alikuwa amepanga hotuba ya kishujaa. Akautazama mlango, kijana mmoja wa koti akamtabasamia. Hotuba ikayeyuka.

"Hata moja," akasema.

Makofi. Alikuwa anataka kurudi kukaa na aibu yake pale mama mwenye miwani alipoinua kichwa, akitabasamu kwa wema.

"Sasa unaishije, fundi, kama watu hawafi?"

Ukumbi ukacheka. Lilikuwa swali la utani, na fundi hajawahi kuliacha swali la utani lipite bure.

"Natengeneza makomeo."

"Makomeo?"

"Ya milango. Haya ya kuvuka mlango mzima, mtu alale. Nayatengeneza mpaka mbao zinaniishia. Na madirisha wananiita niyapigilie kwa ndani. Na magongo ya kutembelea. Zamani gongo nilikuwa nawafanyia wazee. Sasa wanakuja vijana kupimwa."

Alikuwa anajibu tu alichoulizwa. Lakini alivyokuwa akiyataja aliyasikia kwa mara ya kwanza yakiwa pamoja, na sauti yake ikaanza kupungua. Kicheko ukumbini kilikuwa kimekwisha. Mtu mmoja alikohoa, akajutia.

"Mtaa wenye amani unataka makomeo mazito ya nini?" mama wa miwani akauliza.

"Watu wamestaarabika," mwenyekiti akadakia. "Wanazipenda mali zao."

Mheshimiwa akainua mkono kwa subira ya mtu aliyekwishapita mitaa mingi.

"Tuelewane, ndugu zangu. Tuna kipimo kimoja, na tunakitumia kila mahali ili tuweze kulinganisha. Waliouawa. Hapo hakuna maoni, mtu kafa au hajafa. Wasiwasi wa watu tunauheshimu, lakini wasiwasi hauhesabiki. Miaka miwili iliyopita mlizika, mwaka huu hamjazika. Ningekuwa ninyi ningefurahi."

"Mheshimiwa," fundi akasema, na hata yeye alishangaa kujisikia, "hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Leo asubuhi tu. Wafu mnawahesabu kwa sababu hawakimbii. Lakini aliye hai akinyamaza, mnasema ametulia."

"Nani huyo aliyenyamazishwa?" Mwenyekiti alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa tamu, ile ya karakanani. "Fundi ni mtu wangu, namjua. Mtaje. Simwambii ataje kumi. Mmoja tu."

Fundi akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale, limekaa juu ya ulimi, na maisha yake yote hajawahi kulizuia neno lililofika pale. Akawaona vijana wa mlangoni wakiwa wameacha kutabasamu, wakisubiri walisikie. Akaufunga mdomo.

"Mmoja," mwenyekiti akasema.

Jasho lilimshuka fundi shingoni. Mtu akanong'ona kwamba fundi kaishiwa mbao, na kicheko kikaanza safu za mbele, kicheko cha watu waliopata nafasi ya kupumua. Hakika kilikuwa kitu cha kuchekwa: mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, amesimama mbele ya wageni kama mtoto aliyesahau shairi. Alisimama hivyo hivyo.

"Mnaona," mwenyekiti akawaambia wageni. "Ni mtu wa mizaha. Mtaa wote unamjua." Mama wa miwani akasita kidogo, kisha akarudisha vidole kwenye kompyuta yake.

Kwenye benchi la mwisho mke wa fundi alikuwa amekaa na wifi yake. Kati yao alikuwapo mtu aliyefunikwa koti kuukuu mabegani, kofia imeshuka usoni; walikuja kusikia fundi atasema nini, naye alikataa kubaki nyumbani peke yake.

"Wanamcheka," mke wa fundi akasema.

"Kaufunga mdomo," kinyozi akasema. "Shemeji. Huyu huyu."

"Ulimwomba mwenyewe."

"Nilimwomba." Akamtazama yule mtu kule mbele, anayetota jasho na kuchekwa kwa ajili yake. "Nitoe hili koti, dada."

"Una wazimu?"

"Siwezi kulitoa mwenyewe."

Dada yake hakusogea. Dada wa fundi ndiye aliyelishika koti begani na kulivuta. Kinyozi akasimama, akashuka katikati ya mabenchi, mikono yake myeupe ameibeba mbele ya kifua kama vitu vya mtu mwingine. Kicheko kilikatika safu kwa safu alipokuwa anapita. Alipofika mbele akasimama kando ya fundi, bila kumtazama.

Mheshimiwa aliiangalia ile mikono, akamwangalia mwenyekiti.

"Huyu?" mwenyekiti akasema haraka. "Huyu ni kinyozi wetu. Alianguka kwenye ngazi, masikini, hata hospitali wanajua."

Ngazi hakuna aliyeitaja mle ukumbini. Mama wa miwani akaacha kuandika. Mwenyekiti akaliona hilo, na akafanya alichozoea kufanya mambo yakimwendea vibaya: akacheka, akaugeukia umati kwa mikono miwili ili ucheke naye.

"Tena mheshimiwa, mwangalieni wenyewe. Yu mzima, kaja kwa miguu yake, hakubebwa. Tunabishana nini? Kinyozi, waambie wageni, umekufa wewe?"

"Sijafa, Mwenyekiti," kinyozi akasema. "Vuta kiti ukae, nikunyoe."